Kabla kijana hajakiri kosa

Dada yangu anaishi Ohio, Marekani, na mambo haya nimeyajua kupitia msiba wake. Mwanawe wa pekee alikamatwa na dawa za kulevya. Wakili akawaeleza kuwa badala ya kifungo upo mlango mwingine: mahakama maalumu ya waraibu.

Mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa Miami, Florida, mwaka 1989, jela zilipokuwa zimefurika watu wa kokeini, wanaotoka leo na kurudi kesho. Sasa nchini humo zipo zaidi ya 3,000. Kijana hatumikii kifungo. Huenda kwenye tiba kwa mwaka mmoja au zaidi, hupimwa mkojo bila taarifa, na hurudi mara kwa mara mbele ya jaji yuleyule, anayemjua kwa jina na kumuuliza habari za kazi na za mama yake. Akiteleza, aweza kulala mahabusu siku chache. Akifanya vyema, jaji humsifu na ukumbi mzima hupiga makofi. (Katika mahakama nizijuazo mimi, ukicheka tu unatolewa nje.)

Dada alifurahi. “Kaka, wanataka kumtibu mwanangu,” aliniambia.

Lakini mlango ule una kizingiti. Mahakama nyingi humtaka mshtakiwa akiri kosa kwanza; akihitimu, shtaka hufutwa, na akishindwa huhukumiwa kwa kukiri kulekule. Kwa raia, hayo yanavumilika. Mpwa wangu si raia. Ana kibali cha ukaazi tu. Kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, aliyekiri na kuwekewa masharti na mahakama huhesabiwa ametiwa hatiani, hata shtaka likifutwa baadaye. Yaani kijana aweza kupona, akapigiwa makofi, kisha akafukuzwa nchini.

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa wakili ana wajibu wa kumtahadharisha mteja asiye raia kuhusu hatari hiyo. Wakili wao wa kwanza hakuligusia kabisa. Dada alilisikia kwa mwanamke Mkongo anayefanya naye kazi. Usiku ule alinipigia akilia: “Akikubali watamfukuza, akikataa atafungwa. Nichague lipi?”

Walitafuta wakili wa uhamiaji, naye akamwomba mwendesha mashtaka kijana apokewe bila kukiri. Majuma matatu yalipita ndipo likaja jibu la kukubali.

Alianza kabla ya Ramadhani. Mchana wa saumu mkojo ulikataa kutoka, na kushindwa kuutoa huhesabiwa sawa na kukutwa na dawa. Dada akaenda mwenyewe kwa msimamizi, wakakubaliana kijana apimwe alfajiri, muda mfupi baada ya daku. Vipimo vyote tangu hapo ni safi, alhamdulillah. Imebaki miezi saba.