Uzi Unaokwisha Mwilini

Sisi makatekista tunapowatembelea wagonjwa, tunasikia mara nyingi neno hili kwa wale waliopasuliwa: "Mganga ameniachia uzi tumboni." Wengine wanalisema kwa kucheka, wengine wanakosa usingizi. Basi tumeona vema kulieleza.

Ni kweli, uzi umebaki, lakini si uzi wa kushonea nguo. Zamani waganga walishona nyama za ndani kwa uzi wa matumbo ya kondoo ao ya ng'ombe. Mwili uliula pole pole, lakini mara nyingine uliukataa, jeraha likavimba. Kwa hiyo wataalamu wa Marekani walitengeneza uzi mwingine kwa asidi ya glikoliki, nao ukaanza kutumika karibu na mwaka 1970. Mwaka 1974 ukafuata Vicryl, ambao ndani yake asidi hiyo imeunganishwa na asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa yaliyoganda.

Uzi huo ni kama mnyororo wa pete nyingi. Maji ya mwili yanaingia na kuukata kidogo kidogo. Majuma mawili ya kwanza unashika vizuri, na nyama zinaungana. Kisha unalegea, na baada ya siku 56 hadi 70 umekwisha. Mabaki yake yanatoka kwa pumzi na kwa mkojo.

Kwa akili hiyo walitengeneza na dawa. Tangu mwaka 1989 iko sindano ya saratani ya tezi dume yenye chembe ndogo sana: zinayeyuka pole pole na kutoa dawa mwezi mzima. Mgonjwa hachomwi kila siku.

Lakini tuangalie! Si kila uzi ni wa namna hii. Ule wa juu ya ngozi mara nyingi hauyeyuki. Tumemwona mama aliyezaa kwa kupasuliwa, akakaa nao nyumbani mpaka kidonda kikatoa usaha, kwa kuwa jirani alimwambia uzi wa hospitali hukwisha wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka hospitali, uliza bila haya: "Mganga, uzi huu wa nje utakwisha wenyewe ao utatolewa? Nirudi siku gani?" Siku hiyo ishike, hata kama njia ni ndefu. Na ule wa ndani usikuondolee usingizi.