Bei ya Kona

Kunyoosha bodi za magari nilijifunza Goma, kwenye gereji ya mjomba. Vita vya Rutshuru vilipotufikisha Kashojwa, nchini Uganda, mwishoni mwa 2008, hapakuwa na gari la kunyoosha. Tulipewa kiwanja na shamba, kama wenzetu wengine wa Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu Wanyarwanda wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Nikalima mahindi na maharage. Jirani zangu Warundi waliyatazama matuta yangu, wakanishauri kwa upole nitafute kazi nyingine.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi Uganda. Basi nikapanda gari la abiria, kilomita kama 60, hadi Mbarara, ambayo wakati huo ilikuwa haijawa jiji. Bosi wa gereji moja ya Kakoba hakuniuliza cheti. Alinitupia bampa la Toyota lililopasuka pembeni ya taa ya ukungu. "Mukongo, tuone," akasema.

Alijua anachokifanya. Katikati ya bampa kila mtu anaweza kupaweza. Kwenye kishimo cha taa, plastiki inapinda pande tatu kwa mpigo, na mashine ya msasa haiingii. Nililigeuza kwanza. Nyuma lilikuwa na herufi PP, plastiki isiyopenda kushikana na kitu, kwa hiyo ufa niliuyeyusha kwa chuma cha moto na kuzamisha waya wa wavu ndani yake. Ndipo nikapaka bodifila laini ya plastiki, kidogo sana. Ukijaza kona, umejipa kazi ya kuichimba tena. Inapoanza kukaza, wakati bado inakatika kwa kisu, punguza ziada; ukingoja ikauke kabisa utaijutia mabegani.

Kidole ndicho adui. Ukifunga msasa kwenye kidole, ncha yake inachimba mfereji usiouona mpaka rangi ipigwe na kung'aa. Mimi hutafuta kitu chenye umbo la kona yenyewe: kipande cha mpira wa maji, ganda la kalamu, soli ya kandambili iliyochongwa kama kabari. Penye mviringo mwembamba nakata utepe wa msasa na kuuvuta huku na huku, kama mng'arisha viatu na kitambaa chake. Namba 80 siipeleki kule, maana mikwaruzo yake haitoki. Naanza na 180, kisha 320, kavu tupu, kwani bodifila hunywa maji. Halafu napuliza rangi nyeusi, ukungu tu, na kusugua tena. Penye weusi uliobaki bado ni bonde.

Bosi aliangalia kwa mbali. Aliyekuja kupima ni dalali wa magari, na madalali hawaangalii katikati: alipitisha ukucha kishimoni, akanyamaza, akaondoka. Kesho yake nilipewa ovaroli.

Nilikaa miaka mingi pale. Vumbi lilinirudisha Kashojwa, pamoja na kodi ya chumba. Barakoa za gereji zilikuwa za kugombaniwa, na kifua changu hakikuwa cha kugombana.

Huku kazi yangu ni pikipiki. Vifuniko vya ubavuni vya Boxer huvunjika kila boda inapolala kwenye tope, na kila kifuniko kina vishikizo vyenye pembe zisizopitisha hata kalamu. Nagandisha msasa kwa gundi kwenye spoki ya baiskeli. Kijana ninayemfundisha anataka tununue mashine. Nimemwambia aniletee mashine inayoingia kwenye tundu la kishikizo, nitauza mbuzi.

Bei naikadiria kwa kona. Nageuza plastiki, nahesabu, ndipo natamka. Madereva wanalalamika kwamba kifuniko cha Boxer kinawagharimu kuliko mlango wa Corolla. Mlango wa Corolla nitaumaliza kabla ya chai.