Tabora na Rutuba Iliyotupwa

Msafiri aingiaye Tabora kutoka mashariki, awe kwa garimoshi au kwa basi, hupokewa kwanza na miombo, kisha mchanga, kisha miembe. Husimuliwa kwamba mingi ya miembe hiyo asili yake ni kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali hadi Unyanyembe. Si rahisi kuthibitisha hayo kwa kila mti. Hata hivyo masimulizi hayo yana neno zito ndani yake: kilicholiwa na kutupwa, kiliota.

Burton na Speke walifika hapa, mahali palipoitwa Kazeh, Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari kutoka pwani. Livingstone naye alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872, na tembe la huko ni makumbusho hadi leo. Wageni huja wakalitazama tembe, wakapiga picha, wakaondoka. Ni wachache waulizao swali ambalo bwana afya angeanza nalo: wapagazi wale maelfu kwa maelfu waliopiga kambi katika njia hii, uchafu wao ulikwenda wapi?

Jibu la kwanza ni la kuhuzunisha. Kipindupindu kilichoipiga Unguja mwaka 1869 na 1870 kilishika njia za misafara kikaingia bara, kambi kwa kambi, kwa kuwa msafara uliofuata ulilala palepale ulipolala uliotangulia na kuteka maji kisimani pale pale. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya mwendo wa maradhi hayo, kikachapishwa mwaka 1876.

Jibu la pili wanalo wakulima wenyewe. Katika Unyamwezi na Usukuma, mahali palipohamwa, palipokuwa na nyumba, jalala na zizi la ng'ombe, huitwa matongo, na kila mkulima ajua kwamba matongo huzaa kuliko shamba jipya. Mahindi hustawi hapo, na tumbaku ya kienyeji vilevile. Lakini hakuna aliyelima matongo siku ya pili baada ya kuhama. Miaka ilipita kwanza, na miaka hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo ambalo miji yetu inalikabili leo. Tabora hula mahindi, mihogo, karanga na mpunga kutoka vijijini, na kila gunia liingialo mjini huja na sehemu ya rutuba ya shamba. Hairudi. Huishia katika vyoo vya shimo na makaro, na karo likijaa huja gari la kunyonya majitaka. Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika mwaka 2021 katika mji uliokuwa ukitegemea zaidi bwawa la Igombe, jambo hili limekuwa na uzito zaidi, maana maji mengi bombani ni majitaka mengi karoni. Na ardhi inayouzunguka mji ni ya kichanga, haikai na maji wala na mbolea.

Je, tope hilo lirudishwe shambani? Naam, lakini si bichi. Mkulima amwagiaye mboga zake tope lililotoka karoni leo asubuhi anapeleka sokoni kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya chango. Mayai hayo ndiyo adui sugu kuliko wote. Vijidudu vingine vikishakufa, yenyewe bado yamo, yakingoja.

Njia inayofaa haina maajabu. Tope humwagwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto. Maji huchujika chini na kupelekwa kutibiwa, na jua hukausha kinachobaki. Kisha sehemu moja ya tope kavu huchanganywa na sehemu tatu za takataka zinazooza, mathalani majani, maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni, yakarundikwa na kugeuzwa. Lundo likitunzwa vema huchemka lenyewe. Joto likipita nyuzi 50 za Selsiasi kwa zaidi ya wiki moja, na kila upande wa lundo ukapata zamu yake katikati, chango nalo hufa. Wenzetu wa Kampala wamekausha tope kwa namna hiyo huko Lubigi tangu mwaka 2014, na wakulima hulinunua. Nairobi, kampuni ya Sanergy iligeuza kinyesi cha vyoo vya mitaa ya mabanda kuwa mbolea ya gunia.

Wapo wanaoisifu mbolea hii kupita kiasi. Haiwezi kuchukua nafasi ya urea, kwani naitrojeni nyingi ya mwili hutoka na mkojo na hupotea tope linapokaushwa. Kinachobaki ni fosforasi na mboji, na kwa mchanga wa Tabora mboji hiyo ndiyo yenye thamani, kwa sababu hushika maji. Wala haifai kwa tumbaku ya mvuke: chumvi ya klorini huharibu uunguaji wa jani, na naitrojeni inayotoka polepole hulichelewesha kuiva. Ni mbolea ya mahindi na miti. Kwa mkulima aliyeona bei za mbolea za viwandani mwaka 2022, zilipopanda hata Serikali ikaanzisha ruzuku, hilo si dogo.

Tabora ina bahati moja ambayo Kampala haina. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni haba na jua ni kali, hivyo vitanda hukauka bila ya paa. Penye upungufu wa watu wa kugeuza malundo, tope kavu laweza kuhifadhiwa tu, bila kuongezwa jipya, na katika hali ya hewa kama hii huhitaji zaidi ya mwaka mmoja. Lililomwagwa kitandani Mei ya mwaka huu lisubiri mvua za Novemba ya mwaka ujao.