CD 42 za baba

Baba aliniachia CD 42 za rumba: Franco, Tabu Ley, Pepe Kalle. Tulipokimbia Sake kuja Goma, nilizibeba ndani ya mfuko wa unga. Mashini ikabaki nyumbani.

Nilikusanya dola 200 ninunue mashini ya bei kali. Muuzaji akanionyesha moja inayong'aa, taa pande zote. Tuliijaribu na CD yenye mikwaruzo: ikaruka-ruka. Nyingine, kuukuu na nzito, ilisoma mpaka mwisho. CD ina vipimo 44.100 vya sauti kwa sekunde. Taa hazisaidii kuvisoma.

Nikachukua ile kuukuu kwa dola 60. Zilizobaki zilinunua godoro la mama na batri ya sola. Jioni majirani waliokimbia kama sisi huja kusikiliza.

Ukienda kununua, beba CD yako iliyochoka kuliko zote.