Daftari la Mwalimu wa Hesabu

Kaunta buku ile ilinunuliwa Darajani siku ya Alkhamisi, pamoja na kalamu mbili za risasi na kifutio. Juu ya jalada lake mwalimu aliandika maneno matatu, kila neno katika mstari wake: takwimu, uwezekano, aljebra. Baada ya hapo kurasa zilikaa tupu kwa muda wa wiki mbili.

Kazi aliyopewa ilionekana nyepesi. Skuli yake, mojawapo ya zile za Ng'ambo mjini Unguja, ilitaka kuanzisha somo la jioni kwa wanafunzi wa kidato cha tatu waliokwisha kukata tamaa na hesabu. Vipindi vingekuwa 24, viwili kwa kila wiki, na mpangilio ungeachiwa mwalimu mwenyewe. Mwalimu mkuu alimshauri afuate utaratibu wa vitabu: aljebra kwanza, kwa kuwa huanza kidato cha kwanza, takwimu baadaye, na uwezekano mwisho kabisa. Ndivyo ulivyopangwa hata muhtasari wa mwaka 2005, ambamo uwezekano uliwekwa kidato cha nne, karibu na mlango wa kutokea. Na yeyote aliyewahi kusomesha anajua kwamba mada iliyo jirani na mtihani husomeshwa mbio mbio, kama mtu anayefunga mizigo ilhali meli imeshapiga honi.

Lakini wanafunzi wenyewe walipotelea wapi? Walipotelea papo hapo kwenye aljebra. Siku moja ubaoni pakaandikwa herufi x, wakaambiwa kuwa hiyo ni namba isiyojulikana, nao wakaambiwa hivyo kwa Kiingereza, lugha ambayo bado walikuwa wakijifunza kuisema. Kisichojulikana kikaelezwa kwa kisichojulikana. Wengi waliinamisha vichwa siku ile na hawakuviinua tena.

Mwalimu huyu ni mtu wa mashairi pia. Katika kabati lake diwani zimepangwa bega kwa bega na majedwali ya logi, na haoni ajabu yoyote katika ujirani huo. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi Basra katika karne ya nane na ambaye asili yake ni Oman, anafahamika kwa washairi wa pwani kuwa ndiye aliyeiasisi elimu ya arudhi. Wachache hukumbuka kwamba ndiye pia aliyebuni mpango wa kamusi ya kwanza ya Kiarabu, na kwamba katika kuipanga alitaka kujua maneno mangapi yanaweza kujengwa kwa herufi 28 bila ya herufi kurudiwa ndani ya neno. Ya herufi mbili ni 756, yaani 28 mara 27. Ya herufi tatu ni 19,656. Ya nne ni 491,400, na ya tano ni 11,793,600. Yakijumlishwa yote yanapatikana 12,305,412, na hiyo ndiyo idadi iliyopokewa kwa jina lake hadi leo. Sehemu kubwa ya maneno hayo haikuwahi kutamkwa na kinywa chochote. Mtunga kamusi alianza kwa kuyajua yanayowezekana, ndipo akayatafuta yaliyopo. Na mtu aliyekwisha kulielewa hilo ameukaribia uwezekano kuliko aliyekariri kanuni zake zote.

Kwa hiyo mstari wa mwanzo uliopata kuandikwa katika daftari haukuwa wa namba. Ulisema: ukurasa mmoja wa utenzi, wahesabu irabu. Al-Kindi, huko Baghdad katika karne ya tisa, aliandika namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu marudio ya kila herufi, kwani katika kila lugha zipo herufi zinazojitokeza sana na zipo zinazojificha. Ukurasa wowote wa Kiswahili utamtangaza a kuwa mshindi, tena kwa mbali. Hakuna mwanafunzi asiyeweza kuhesabu a. Akishazihesabu na kuchora nguzo zake tano, ya a ikiwa ndefu kama mnazi, ameshaingia katika takwimu bila ya kubisha hodi. (Na pengine atatambua kwa nini malenga mvivu hukimbilia kina cha a.)

Kwa aljebra, alirudi kwenye asili yake. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake Baghdad, mnamo mwaka 820 hivi, zama za Khalifa al-Ma'mun, na jina la kitabu lilibeba maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurejesha kilichopungua, kuunga kilichovunjika. Huko Hispania kwa karne nyingi muunga mifupa aliitwa algebrista. Al-muqabala haihitaji mfasiri pwani hii, maana mkabala na kukabili tunavyo katika vinywa vyetu: pande mbili zinakaa uso kwa uso, na kilicho sawa kinaondolewa huku na huku. Ndani ya kitabu kile hamna x. Hamna hata alama ya kujumlisha. Yote yameandikwa kwa maneno, na kile kinachotafutwa kinaitwa shay', yaani kitu.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi, jambo ambalo vitabu vya skuli havilitaji. Mwalimu alipolifikia hapo akapata vipindi vitatu kwa mkupuo. Mume amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na ichukuliwe kwamba wazazi wake wameshatangulia na madeni yamelipwa. Mke fungu lake ni thumuni. Zimebaki thumuni saba. Fungu la binti mmoja liitwe kitu. Basi la mvulana ni vitu viwili. Wavulana wawili wana vitu vinne, mabinti watatu wana vitu vitatu, jumla vitu saba, navyo ni sawa na thumuni saba. Kitu kimoja, basi, ni thumuni: binti amepata sawasawa na mama yake. Mtoto wa chuoni anaweza kulifikia jibu hili akiwa amekaa juu ya mkeka, bila ya kujua kwamba amefumbua mlinganyo. Baadaye, na baadaye tu, aambiwe kuwa watu wamezoea kulifupisha neno kitu kwa herufi x.

Uwezekano ulimpa shughuli ya namna nyingine. Vitabu vimejaa sarafu, dadu na karata, na mwaka mmoja mzazi aliwahi kufika skuli kuuliza kwa nini mwanawe anafunzwa kamari. Mwalimu hakumcheka. Elimu hii kweli ilianzia mchezoni. Barua walizoandikiana Pascal na Fermat mwaka 1654 zilihusu namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa njiani. Akaamua kuchukua ludo, inayochezwa barazani bila ya kuwekewa chochote isipokuwa heshima. Kila mchezaji anaingojea sita ili atoe kete yake. Katika mrusho mmoja nafasi ya kuipata ni moja katika sita. Katika mirusho minne, nafasi ya kuipata walau mara moja ni 671 katika 1,296, ambayo imezidi nusu kidogo tu. Vijana wa barazani hudai kwamba sita ikichelewa sana huwa ina deni nao. Dadu haina daftari la madeni, na kipindi kizima kilitengwa kwa ajili ya kuwashawishi wakubali hilo.

Kisha ikaja sensa, kipindi alichokiandika kwa dakika kumi. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Mwaka 2022 walikuwa 1,889,773. Ongezeko hilo ni karibu asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo idadi huwa maradufu katika muda usiotimia miaka 19. Wanafunzi wapige wenyewe. Somo safi lisilo na mikwaruzo, kwani watu wote wale wamekwisha kuhesabiwa.

Ni hapo kalamu iliposita, kwa sababu mwalimu ni mtu wa Pemba, na aliwakumbuka wasiohesabiwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja ikielekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaa kupita kiasi. Haijapata kujulikana kwa hakika ni watu wangapi waliokuwemo. Tarehe 18 Julai 2012, kabla mwaka haujatimia, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kila mtu visiwani ana jina lake la kulitaja katika habari hizo, na wengi hawalitaji.

Mwalimu aliandika mstari mmoja: waliopanda ni sawa na waliookolewa, kuongeza waliopatikana maiti, kuongeza wasioonekana. Mlinganyo mfupi, hauna hata kipeo. Wawili wa katikati wanajulikana, kwa kuwa walihesabiwa mmoja mmoja ufukweni. Wa mwanzo na wa mwisho hawajulikani. Mlinganyo mmoja na visivyojulikana viwili: hakuna jabr itakayouunga. Al-Khwarizmi mwenyewe angeuweka kando. Ungefumbuka kwa sharti moja tu, kwamba langoni, kabla ya ngazi kuondolewa, mtu mmoja mwenye karatasi na kalamu angemtilia alama kila aliyepita. Takwimu, uwezekano na aljebra vyote vilikutana katika mstari huo, na hapakuwa na mfano bora zaidi katika daftari zima. Akaufuta.

Kesho yake akauandika tena, na usiku akaufuta, hata karatasi ikawa nyembamba pahala pale. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo binti ambaye baba yake alisafiri usiku ule, yeye akiwa na umri wa miaka miwili. Je, ni halali kuifanya dhiki ya mtoto kuwa zoezi la ubaoni? Na je, kuinyamazia ndiyo huruma, au ni kuwaacha wengine waendelee kupanda bila ya kuhesabiwa? Wapo watakaosema hesabu ni namba na vilio vina mahala pake. Wanaosema hivyo huenda hawakusimama bandarini asubuhi ile.

Ijumaa baada ya sala alikwenda nyumbani kwa mama wa binti huyo. Alikaribishwa ukumbini, akaletewa chai, akaeleza haja yake kwa kirefu na kwa kujikanyaga. Mama alimsikiliza huku akikunja nguo za watoto.

"Mwalimu," akasema alipomaliza, "mwenzangu alikata tiketi pale pale bandarini. Jina lake hatukuliona katika karatasi yoyote. Mie kila ikisomwa idadi redioni nilikuwa nikijiuliza: huyu wangu yumo, hayumo?"

Mwalimu hakuwa na jibu.

"Basi we mhesabu. Lakini mwanangu mwambie kabla, peke yake, asije akakutana nayo ubaoni."

Hivyo ndivyo lilivyopatikana sharti la kipindi cha kumi na tisa, nalo liliandikwa pembezoni kwa wino. Mengine yalijipanga upesi. Irabu za utenzi zilishika wiki ya pili, mirathi ikafuata, ludo ikaja baada ya mirathi, na x ikangojeshwa hadi wiki ya sita. Mwalimu mkuu aliupitia mpango, akauliza kipindi cha kwanza kiko wapi, maana ukurasa wake ulikuwa na neno moja tu: langoni. Alijibiwa kwamba hicho kitakuwa asubuhi, nje.

Jumatatu, kabla ya saa moja, wanafunzi kumi na wawili walisimama kwenye lango la skuli, sita kila upande, kila mmoja na karatasi yake. Waliagizwa wampigie mstari kila anayeingia, na wa tano aukate minne iliyotangulia. Pande mbili zingelinganishwa mwishoni, na zikitofautiana, ingekuwa lazima ijulikane ni nani aliyeachwa. Binti yule alisimama upande wa kulia, karibu na nguzo. Walipita wanafunzi, walipita walimu, akapita muuza maandazi na beseni lake, na pakazuka ubishi kama naye anahesabiwa. Ikaamuliwa kwamba ameingia, basi anahesabiwa. Saa moja na dakika tano alifika mwalimu mkuu akiikokota baiskeli yake. Akataka kuwapita kwa salamu tu, lakini binti alimwomba asubiri kidogo, akampigia mstari wake, kisha akamruhusu.