Tumpe mgeni nini hapa Miti?



Gari zinazotoka Bukavu kwenda Kavumu, Katana na Kalehe, na zile zinazokata kushoto kupanda Tshivanga na Bunyakiri, zote zinapita hapa kwetu Miti. Shofere anasimama, wasafiri wanashuka, wananyoosha miguu na kuuliza: chakula kiko? Nasi tunajibu mchele, omleti, viazi vya kukaanga, na kuku kama amepatikana. Bugali na sombe viko nyuma, katika sufuria ya watoto wetu, vimefunikwa. Mgeni akiuliza ile harufu nzuri inatoka wapi, tunamwambia: «Ile si yako, ile ni ya nyumbani.»

Mnajua kwa nini ninaandika juu ya jambo hili. Pesa ya likelemba ya kuanzisha meza yetu ya chakula kando ya njia kubwa imetimia, na bado hatujapatana tutapika nini. Karibu nusu yetu wanasema mchele, kwa sababu msafiri anaujua na hauaibishi mtu. Mimi niko upande wa ile sufuria ya nyuma, na leo nataka kueleza sababu zangu bila kukatwa maneno, maana katika mkutano tunasema wote kwa pamoja.

Nina mtoto wa dada yangu anayeishi Athens, mji mkuu wa Ugiriki. Alifika kule kwa njia ndefu ambayo sitaisimulia hapa. Leo anafanya kazi katika jiko la mgahawa, na wanaokula pale wengi ni wasafiri. Wiki za kwanza alinitumia ujumbe kwa simu: «Mama mdogo, huku watu wanapanda ndege kuja kula maharagi.»

Nilicheka. Nilidhani anatania. Ndipo akaanza kunieleza sahani moja moja.

Maharagi yenyewe ni meupe. Yanalala ndani ya maji usiku kucha, halafu yanachemshwa polepole pamoja na kitunguu, karoti, seleri na tomati, na mwisho wanamimina mafuta ya zeituni. Hakuna nyama. Wanaita fasolada, na Wagiriki wenyewe wanasema hicho ndicho chakula cha taifa lao, ingawa kilikuwa chakula cha maskini na cha siku za kufunga. Sahani ya pili inaitwa horta: majani ya mlimani, yale ambayo wamama wazee wanajua kuyatofautisha, yanachemshwa na kutiwa mafuta na maji ya limau, basi. Ya tatu ni samaki wadogo kama kidole, wanapakwa unga, wanakaangwa wazima na kuliwa na kichwa chao.

«Sambaza!» nikamwandikia.

«Ndugu yake sambaza,» akajibu.

Kuna mengine, kama mchele uliofungwa ndani ya majani ya mzabibu, na mikate ya mboga. Lakini hizo tatu ndizo zilizonikamata, kwa sababu ziko katika jiko langu kila wiki na sijawahi kuziweka mbele ya mgeni.

Msifikiri Wagiriki hawakupita katika aibu hii yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na mpishi maarufu, Nikolaos Tselementes, aliyejifunza kazi yake nchi za nje. Aliandika kitabu cha mapishi kilichoingia katika nyumba nyingi mpaka jina lake likageuka kuwa neno la kuita kitabu chochote cha mapishi. Yeye alitaka chakula cha kwao kifanane na cha Wafaransa. Ile sahani yao inayojulikana sana, musaka, ya biringanya na nyama ya kusaga, ndiye aliyeivika sosi nyeupe ya maziwa na siagi kwa mtindo wa Kifaransa. Ni tamu, mtoto wangu anasema, na wageni wanaiagiza sana. Lakini miaka ya baadaye Wagiriki wengine walianza kumlaumu kwamba aliwafundisha kuona haya mafuta yao na majani yao. Tukisema omleti ni heshima na lengalenga ni umaskini, tunafuata njia ileile, tena sisi hatuna hata kitabu.

Jambo jingine lilinishangaza zaidi. Wana jibini inayoitwa feta, ya maziwa ya kondoo na ya mbuzi, inayotunzwa ndani ya maji ya chumvi. Nchi nyingine za Ulaya, Denmark kati yao, zilikuwa zinatengeneza jibini ya maziwa ya ng’ombe na kuiuza kwa jina hilohilo. Wagiriki walishika jina lao wakaenda nalo mbele ya wakubwa wa Ulaya. Mwaka wa 2002 jina lilikubaliwa kuwa la Ugiriki peke yake, na mwaka wa 2005 mahakama ya Ulaya ikathibitisha. Watu wazima waliwekana barazani kwa ajili ya jina la jibini!

Sasa niwaulize: katika mtaa wetu ni wamama wangapi bado wanajua kutengeneza mashanza? Mimi nimehesabu wawili, na mmoja amezeeka sana. Watoto wetu wanajua fromaji ya Masisi kwa sababu wanaiona sokoni, lakini mashanza, ambayo ni ya Bushi hapa, wengine hawajaionja. Maziwa yanaachwa yachache, yanapashwa kwa moto mdogo, maji yanachujwa, kinachobaki kinaliwa na bugali. Sababu ya kupotea kwake tunaijua wote. Tangu vita vya 1996 ng’ombe wa watu waliibiwa mara ngapi? Asiye na ng’ombe hana maziwa, na binti ambaye mama yake hana maziwa atajifunzia wapi? Kwa hiyo ninaomba mashanza iwe kwenye meza yetu, hata kidogo, hata siku moja kwa wiki. Tena yule mama mzee alipwe kwa kazi ya mikono yake na kwa kuwafundisha mabinti watatu au wane.

Kuhusu sambaza sina maneno mengi, kwa sababu inajiuza yenyewe. Ila niseme hili kwa wale wanaodai kwamba chakula cha asili lazima kiwe cha zamani sana. Sambaza haikuwa katika ziwa letu. Ililetwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwaka wa 1959. Bibi zetu wengi walikua bila kuijua! Muhogo, mahindi na maharagi asili yao ni Amerika, nasi leo hatuwezi kuishi bila hivyo. Mtama ndio wa zamani kweli kwetu, na bugali wake mwekundu ndio tunaouficha kuliko wote. Msafiri akionja sambaza ya moto, yenye chumvi na pilipili, pamoja na kipande cha bugali wa mtama, hataulizia omleti. Limau iwepo pembeni. Hilo nimewaiga Wagiriki, na nimejaribu nyumbani, inafaa.

Sombe ndiyo yenye ubishi. Mama mmoja alisema katika mkutano kwamba sombe inakula makala, wakati mchele unaiva upesi. Anasema kweli, na ndilo neno zito kuliko yote niliyosikia upande wa pili. Majani ya muhogo hayapikwi kwa haraka. Yana sumu ndani yake. Yanatwangwa vizuri katika kinu, yanachemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke, kisha ndipo yanatiwa kitunguu na mafuta ya mawese. Muhogo wenyewe ni vilevile: ule mchungu usipolowekwa siku za kutosha na kukaushwa, unaweza kuleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ambao umeonekana hata katika sehemu za Kivu Kusini. Basi anayesema «tupunguze muda» simkubalii. Mgeni ni mtoto wa mtu.

Na makala yenyewe mnajua mengi yanatoka wapi. Yanatoka juu, upande wa Parki ya Kahuzi-Biega, kule walipo sokwe ambao ndio wanaleta watalii wanaopita hapa. Tukipika sombe kila siku kwenye majiko matano, tunakata miti ile ile. Pendekezo langu ni kwamba sombe ipikwe siku za soko tu, katika sufuria moja kubwa, juu ya jiko la udongo lisilopoteza moto, na wenye nguvu watwange kwa zamu. Siku nyingine tupike lengalenga au majani ya maboga, ambayo hayachukui muda.

Maharagi yawepo kila siku. Yalowekwe usiku kama wanavyofanya Wagiriki, yataiva upesi na kupunguza makala. Tuko jirani na INERA Mulungu, ambako kwa miaka mingi wanashughulika na mbegu za maharagi. Ingekuwa aibu msafiri apite Miti bila kula maharagi mazuri. Yapikwe na ndizi, vile tunavyopika tukiwa peke yetu.

Kasiksi isiwepo mezani. Najua wengine watanuna, lakini shofere ana watu nyuma yake.

Sasa hesabu. Sahani ya mchele, pesa yake inakwenda wapi? Mchele mwingi wa dukani umevuka bahari, umepita Mombasa au Dar es Salaam, umepandishwa malori, kila mkono umekata sehemu yake, sisi tunabaki na faida ya kuchemsha maji. Sisemi vibaya juu ya mchele wa uwanda wa Ruzizi, ule ni wa ndugu zetu, na siku ya sikukuu nitaupika mwenyewe. Lakini lengalenga inatoka nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, maharagi yanatoka Kabare, sambaza inatoka ziwani hapo chini. Msafiri akilipa, pesa inalala Miti.

Wengine wanaogopa kwamba mgeni atakataa, au ataonja na kutema. Huko Ugiriki, mtoto wangu ananiambia, katika migahawa ya zamani msafiri alikuwa anaingizwa jikoni, sufuria zinafunuliwa, anaangalia na kuonyesha kwa kidole anachotaka. Hakuhitaji kujua lugha. Tufanye hivyo. Mifuniko iwe safi, kuwe na maji ya kunawa na sabuni mbele kabisa, maji ya kunywa yawe yamechemshwa, na anayepokea pesa asiguse chakula. Kwanza tumwonjeshe mgeni kijiko kimoja bure. Mwenye kukataa baada ya kuonja apewe ndizi ya kuchoma, aende kwa amani. Watalii wa Tshivanga wanakuja na kupotea kwa kadiri ya usalama, hatuwezi kuwategemea. Mashofere, wanafunzi wanaokwenda Lwiro na wachuuzi wa Bunyakiri watakuwepo daima, na hao hawahitaji kufundishwa sombe ni nini. Wanahitaji tu sombe iliyopikwa vizuri.

Kwa Kigiriki, neno xenos lina maana mbili: mtu usiyemjua, na mtu unayemkaribisha. Mtoto wangu alinieleza kama kitu kigeni. Nikamwambia, mwanangu, sisi pia tuna neno moja tu: mgeni.

Majuzi alinitumia picha. Alipata sombe iliyogandishwa katika duka la Waafrika, mtaa wa Kypseli, akaipika siku yake ya kupumzika akampelekea mpishi mkubwa wa mgahawa wao. Mpishi alikula, akaomba kuongezewa, akauliza kama hayo ni majani ya mlima gani. Bado hajamwambia kwamba kule kwetu tunayaficha.

Mkutano ni siku ileile na saa ileile. Tunazo sufuria mbili kubwa na kinu kimoja. Mwenye kinu cha pili alete. Yule mama wa mashanza amekubali kuja, lakini anahitaji mtu wa kumshika mkono njiani, maana kuna matope.