Paa Aliyedai Mshahara

Wazazi wengi hudhani kuwa mwalimu anayewachekesha watoto ni mwalimu aliyechoka kufundisha. Mmoja wao alinijia shuleni, na baada ya salamu na kuulizana hali akaniambia kwa upole: "Mwalimu, mwanangu anieleza kuwa paa wa Sultani Darai amedai mshahara. Ngano hiyo niliipokea kwa bibi yangu, wala hamkuwa na mshahara ndani yake. Je, huko si kuwafunza watoto uongo?"

Swali hili lina haki ya kujibiwa, maana Mtume (s.a.w.) amemwonya vikali mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akifanya mzaha, wala hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akajibiwa kuwa atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Akastaajabu: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Akaulizwa, kwani yuko ngamia asiyezaliwa na ngamia? Mzaha ule ulimlazimisha msikilizaji ayapime maneno. Uongo ni kumsadikisha mtu lisilokuwa. Na mtoto wa darasa la tano ajua fika kuwa paa hasemi. Visa vya Mitume hatuvigusi kabisa, na jambo hilo watoto waliliafiki bila ya kuhimizwa.

Ama ngano yenyewe, Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine zilizosimuliwa Unguja. Maskini achakuraye jaani apata thumni, amnunua paa. Paa aokota almasi, aipeleka kwa sultani, amposea bwana wake binti, tena amuua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake. Kisha paa augua, na bwana aamuru apikiwe uji wa mtama hafifu. Paa afa kwa huzuni. Bwana naye aamka siku moja, ajikuta yuko jaani kama zamani.

Huko Ufaransa, Charles Perrault alichapisha mwaka 1697 kisa cha paka mwenye viatu, ambaye naye alimtajirisha bwana wake kwa hila. Paka yule aliishia kuwa mwungwana mkubwa, asiyewinda panya ila kwa kujifurahisha. Niliwasomea watoto ngano zote mbili, wakataka kujua kwa nini paka alilipwa na paa wetu hakulipwa. Hapo ndipo mshahara ulipozuka.

Ngano ya kuchekesha haisimami ila juu ya ngano ijulikanayo. Mwaka 1989 Mmarekani Jon Scieszka alimpa mbwa-mwitu nafasi ya kujitetea mbele ya wale wanyama watatu wajenga nyumba (jina lao nilitaje kwa haraka: nguruwe). Mbwa-mwitu adai kuwa alikwenda kuomba kikombe cha sukari tu, na kwamba nyumba ziliangushwa na chafya yake. Mtoto asiyeijua ngano ya asili hana la kucheka hapo. Kwa hiyo mimi huisoma ya kwanza mara mbili, polepole, kabla ya kuruhusu mzaha wowote. Na aghalabu ndiyo mara yao ya kwanza kuisikia, kwani mabibi waliokuwa wakisimulia usiku wamepungua.

Lakini kicheko kina makali. Kijana mmoja aliandika namna yake, na utani wote akautupa kwa yule maskini: anavyochakura kama kuku, anavyonuka, anavyogombana na kunguru. Darasa lilivunjika mbavu. Mtoto mmoja tu aliinamisha kichwa. Mama yake huokota chupa jaani akaziuze, na wenziwe walijua.

Sikumgombeza mwandishi. Nilimwita baadaye nikamwuliza: katika ngano hii, ni nani aliyestahili kuchekwa? Akafikiri kitambo, akaenda zake. Siku ya pili alileta mwisho mpya. Sultani Darai ameamka jaani, angali na kilemba kichwani, anawaamuru kuku wamletee kahawa. Kuku wanamtazama. Anawatishia kuwafukuza kazi. Jogoo anamwuliza, kwa mshahara upi?

Yule mtoto aliyekuwa ameinama ndiye aliyeomba isomwe tena.